Hisa 1,000 za ndugu watatu: jinsi ya kujua haki yako ndani ya kampuni

Wengi wanaopanda ngazi za ofisi yangu hapa Mtaa wa Biashara huja na lalama moja: "Kampuni ni yetu sote, mbona kaka anaifanya yake?" Kabla sijajibu huwauliza kama wana CR12, ile hati rasmi inayotaja wakurugenzi na wanahisa wa kampuni. Wengi hawajawahi kuiona.

Nitakupitisha hatua ninazowapitisha wao, kwa mfano niliojitungia ili nisimwanike mtu. Chukua kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, yenye hisa 1,000. Kaka ana 500 na ndiye mkurugenzi peke yake. Dada ana 300, mdogo wao ana 200. Shika nambari hizo, tutazirudia.

Hatua ya 1: Toa CR12, kisha soma katiba ya kampuni

CR12 hutolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara, nayo huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Inaonyesha nani mkurugenzi na nani ana hisa ngapi. Usitegemee maneno ya mzee wala picha za siku ya ufunguzi. Nimewahi kukutana na mtu aliyetoa mtaji, akaitwa "director" mtaani miaka na miaka, na jina lake halimo. Huyo huenda anadai pesa zake, lakini mwanahisa si yeye.

Katiba ya kampuni nayo inaeleza kura zinapigwaje na hisa zinahamishwaje. Kampuni binafsi Kenya haivuki wanachama (yaani wanahisa) 50, na lazima iweke mipaka ya kuhamisha hisa. Kwa hiyo usiahidiane na rafiki yako wa Likoni kumuuzia zako kabla hujaisoma.

Hatua ya 2: Tenganisha mifuko

Mwaka 1892 mtengeneza viatu wa London, Aron Salomon, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Katika hisa 20,007 yeye alichukua 20,001. Mkewe na watoto watano wakapata moja moja. Kampuni ikaanguka, na mfilisi akataka Salomon alipe madeni kwa mali yake mwenyewe. Kesi ilipofika kwenye mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, majaji walisema kampuni ni mtu mbali na Salomon ni mtu mbali, hata kama hisa karibu zote ni zake. Mahakama zetu zinaitaja kesi hiyo hadi leo.

Watu huipenda nusu ya kwanza ya kanuni hii: deni la kampuni si deni langu. (Isipokuwa ulitia sahihi ya dhamana benki. Hapo benki itakujia wewe, na Salomon hatakuokoa.) Nusu ya pili hawaipendi: pesa ya kampuni pia si yako. Mteja akilipia kontena kwenye laini ya M-Pesa ya kaka, na kaka akamlipia mwanawe karo, hajatumia pesa yake. Amechukua ya mtu mwingine, na mtu huyo ni kampuni. Akitaka kukopa kwake, mkopo wa kampuni kwa mkurugenzi kwa kawaida unahitaji azimio la wanahisa.

Hatua ya 3: Mpime mkurugenzi

Hapa ndipo penye nyama. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, kifungu cha 142 hadi 147, inaorodhesha wajibu wa mkurugenzi: afuate katiba na atumie mamlaka kwa lengo alilopewa, aendeleze mafanikio ya kampuni kwa faida ya wanachama wote, aamue kwa akili yake, awe na uangalifu na ujuzi, aepuke mgongano wa maslahi, asipokee zawadi za watu wa nje kwa sababu ya cheo chake.

Magomvi mengi ninayoyaona yanatokana na mawili tu kati ya hayo.

La kwanza ni mgongano wa maslahi. Kaka anafungua kampuni ya pili, ya malori, kwa jina la shemeji yake. Kila mzigo unaotoka bandarini unabebwa na malori hayo kwa bei anayopanga mwenyewe. Atakwambia, "Lakini kazi inafanyika!" Hilo halimtoi. Kama ana maslahi katika mkataba, hata kupitia mtu mwingine, anatakiwa kuyatangaza. Na fursa ya biashara iliyokuja kwa kampuni, yeye haruhusiwi kuigeuza yake bila idhini.

La pili ni uangalifu. Kuna kipimo cha mtu wa kawaida anayefanya kazi ile, na juu yake ujuzi alionao mhusika mwenyewe. Mhasibu akiwa mkurugenzi hupimwa kwa macho ya mhasibu. Lakini "mimi sikusoma" haimshushi mtu chini ya kile cha kwanza. Nawasihi hasa wanaomwandikisha mama yao kuwa mkurugenzi wa jina tu: sheria haimjui mkurugenzi wa jina tu. Mama akitia sahihi, amebeba wajibu wote huo.

Hatua ya 4: Hesabu kura kabla ya kupiga kelele

Azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu. Azimio maalum, kama la kubadilisha katiba, linahitaji asilimia 75.

Rudi kwenye ndugu zetu. Kumwondoa mkurugenzi ni azimio la kawaida, chini ya kifungu cha 139, kwa notisi maalum, na yeye ana haki ya kujitetea. Mkutanoni mikono inainuliwa: wawili kwa mmoja. Dada anashangilia. Kaka anaomba kura za hisa, na hesabu inakuwa 500 kwa 500. Nusu si zaidi ya nusu. Azimio limeanguka na kaka yuko palepale. Ndiyo sababu nikisikia watu wanagawana hamsini kwa hamsini "ili tusigombane", huwauliza: siku mkigombana, nani ataamua?

Ila dada ana nguvu asiyoijua. Hisa 300 ni asilimia 30, kwa hiyo hakuna azimio maalum linaloweza kupita akipiga kura ya kulipinga. Na mdogo, mwenye asilimia 20, amevuka asilimia 10 inayomwezesha kumtaka mkurugenzi aitishe mkutano mkuu.

Kaka akijaribu kujipa hisa mpya 100 ili avunje sare, hapo ana tatizo. Hisa mpya za pesa taslimu hutolewa kwanza kwa wanahisa waliopo kulingana na sehemu zao, isipokuwa katiba imeiondoa haki hiyo. Na hata kama imeiondoa, kutoa hisa ili tu kuwazidi wenzako kura ni kutumia mamlaka nje ya lengo lake.

Jambo moja huwaudhi watu: mwanahisa hana haki ya gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa) mpaka litangazwe, na haliwezi kulipwa ila kutoka kwenye faida. Wala kuwa na hisa hakukupi ruhusa ya kuingia stoo na kupekua vitabu vya hesabu. Unachoweza kudai ni nakala ya hesabu za mwaka, daftari la wanahisa na kumbukumbu za mikutano mikuu.

Hatua ya 5: Chagua mlango

Anza kwa barua, yenye tarehe na nakala ya kubaki nayo. Taja malori, taja miezi, omba hesabu. Barua ya adabu huzaa majibu kuliko kelele za sebuleni.

Ikishindikana, jiulize aliyeumizwa ni nani. Kama ni kampuni, kwa mfano imelipa malori bei ya juu, mwanahisa anaweza kushtaki kwa niaba ya kampuni, lakini kwa idhini ya mahakama. Kama ni wewe, umefungiwa nje na kunyimwa haki zako, mlango ni kifungu cha 780 katika Mahakama Kuu: kampuni inaendeshwa kwa namna inayokudhulumu. Amri inayotolewa sana huko ni mmoja kununua hisa za mwenzake kwa bei ya haki, kwa hiyo tafuta mthamini mapema.

Na mkipatana, hata kama ni usiku wa futari, kaka akikubali kujiuzulu na dada kuingia, pelekeni mabadiliko kwa Msajili wa Kampuni ndani ya siku 14. Kisha chukueni CR12 mpya pamoja na azimio mkabadilishe sahihi benki, kwa sababu mpaka siku hiyo hundi za kaka zitaendelea kupita.