Kumngoja Bwana bila kukaa bure: niliyojifunza baada ya paa kung'oka

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa mmoja, yaani kanisa dogo la mahali, upande wa Hombolo, Dodoma, na siku za kazi ni mkulima wa zabibu. Mwaka 2014 nilipaua kanisa kabla ya wakati wake. Kuta za tofali za kuchoma zilikuwa zimefika juu, lakini lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu, ilikuwa bado. Mzee wa kanisa alinivuta pembeni akaniambia, "Mwinjilisti, ukuta haujafungwa mkanda. Tungoje mavuno." Nikamjibu kwa andiko, nikachukua mabati kwa mkopo. Januari upepo uliotangulia mvua uliliinua paa lote pamoja na mbao, ukalibwaga kwenye mtama wa jirani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Deni tulilipa miaka mitatu.

Haya ninayoandika nimeyapata ndani ya miaka hiyo. Nayatoa kwa mwenzangu anayeomba jambo na halijibiwi, hasa kama ana watu anaowaongoza.

Nunua daftari la kaunta. Upande wa kushoto andika tarehe na ombi lako kwa sentensi moja isiyozunguka. "Bwana, bariki huduma" haitoshi, maana hutajua limejibiwa lini. Andika "Bwana, tupe lenta," au "Bwana, mrudishe fulani nyumbani." Upande wa kulia acha wazi. Jumapili jioni soma yote kwa sauti, moja moja, na usifute hata ombi moja. Lililojibiwa liandikie tarehe upande wa kulia.

Kisha pembeni ya kila ombi weka herufi: A kwa jambo ambalo Neno limeahidi wazi, H kwa haja yako, W kwa wajibu. Hapa chukua muda wako. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niliona aibu, kwa sababu maombi yangu mengi yalikuwa W. Nilikuwa naomba amani na mzee yule yule aliyenionya, na sikuwa nimekwenda kumwomba radhi. Nilikuwa naomba Mungu atufungulie milango ya fedha na huku muuza saruji anatudai. Mambo ya W hayangojewi. Ukiyaweka kwenye maombi ya kungoja unamsingizia Mungu kuchelewa, kumbe anayengojewa ni wewe. Nenda kalipe, nenda kapatane, halafu rudi uombe.

Sasa nije kwenye kinachowaangusha watumishi wengi, nami nikiwamo. Soma 1 Samweli 13 polepole. Tumezoea kumhubiri mfalme Sauli kama mtu asiyejua kungoja, lakini alingoja siku saba nzima kama nabii Samweli alivyomwagiza. Alingoja Wafilisti wakiwa wamejaa Mikmashi, na askari wake wamejificha mapangoni. Kilichomshinda ni siku ya saba yenyewe: Samweli alipokawia, akatoa sadaka mwenyewe badala ya kumngoja. Mara tu alipomaliza kutoa sadaka ya kuteketezwa, Samweli akatokea. Na angalia sababu aliyoitoa: aliona watu wanatawanyika. Mimi nilipaua kwa sababu hiyo hiyo. Mtaa wa jirani walikuwa wamepata paa, na vijana wangu wa kwaya walianza kusali huko. Nilikuwa nahesabu vichwa kila Jumapili, na hesabu ile ndiyo iliyonituma dukani kuchukua mabati.

Kwa hiyo ukisikia msukumo wa kufanya jambo kubwa haraka, jiulize: nani ananisukuma? Kama jibu ni hofu ya watu kuondoka, au aibu mbele ya mtaa mwingine, ongeza siku saba juu ya ulizopanga. Siku ya nane lipeleke kwa watu wawili ambao umewaruhusu kabisa kukuambia hapana. Usichague wanaokupigia makofi. Mmoja wa kwangu ni yule mzee. Mwingine ni mama muuza maandazi ambaye hajawahi kunisifia hubiri hata moja.

Wakati unangoja, pogoa. Nalisema hili kama mkulima. Huku kwetu mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu huanza na mkasi. Unakata matawi yaliyozaa, unaacha macho machache yatakayochipua, unamwagilia. Siku chache baadaye ukipita asubuhi unakuta ncha za matawi zinadondosha maji, tone kwa tone. Wenyewe tunasema mzabibu unalia. Anayeuona mara ya kwanza hudhani ameuharibu. Usiufunge, usiukate tena, usiuongezee mbolea kwa wasiwasi. Macho yatafumuka, na kuanzia hapo mpaka kuvuna ni kama miezi minne ya kupiga dawa ya ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, kufunga matawi kwenye waya na kupalilia. Kazi ipo kila wiki, ila hakuna inayoweza kuivisha kichala kabla ya siku zake.

Paa lilipong'oka nilifanya kinyume: niliongeza mikesha. Tulikuwa na maombi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, tena usiku, na akina mama wanaamka alfajiri kwenda shamba. Mzee akanishauri nikate mbili. Tukabaki na Jumatano, na usiku wa Ijumaa tukaanza kuwatembelea wagonjwa wawili wawili. Kama unangoja na umechoka, tafuta jambo moja la huduma ulilolianzisha ili uonekane una bidii, ulikate.

Kuhusu maombi yenyewe: kuna asubuhi maneno huisha. Usijilazimishe kupaza sauti. Mimi huamka saa kumi na moja, huketi kwenye kigoda nje ya mlango, husoma Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Daudi aliuliza hivyo na Mungu akaliacha swali lake liandikwe, basi na wewe uliza. Halafu nyamaza dakika tano. Mawazo yatakuja: ada, bei ya zabibu, ng'ombe wa jirani. Usipigane nayo. Sema "Bwana, nipo," urudi kunyamaza. Baada ya mwezi fanya ziwe kumi.

Na jambo moja kwa wanaowafariji wanaongoja. Tafadhali, usimwambie mama asiye na mtoto kwamba wakati wa Mungu ndio wakati bora. Keti naye. Kuhani Eli alimwona Hana akiomba akadhani amelewa, akamkemea. Aliposikiliza, akambariki, na Hana akaenda zake akala chakula, uso wake umebadilika, kabla hata hajapata mimba. Kusikilizwa kulitangulia jibu.

Lenta tulimwaga mwaka 2019. Fundi alitaka zege imwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 28, na akina mama wakagawana zamu za ndoo kutoka bombani. Hakuna aliyeniuliza paa ni lini. Siku ya 28 nilipanda ngazi nikaigonga ile lenta kwa nyundo mara tatu, nikashuka, nikaenda kumwita mzee aje naye aigonge.

Paa tuliliweka mwaka uliofuata, bila deni, na tarehe yake ipo kwenye daftari upande wa kulia. Ila katika ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu, lipo jina la kaka yangu aliyeondoka nyumbani kwa hasira mwaka 2011. Pembeni yake nimeweka H. Upande wa kulia bado pako wazi, na Jumapili jioni nitalisoma tena.