Umefungua kesi ya haki zako mahakama isiyo yake? Fanya hivi

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, ananyang'anywa mtumbwi na nyavu, analala mahabusu siku nne. Akitoka anakimbilia Mahakama ya Wilaya, maana ndiyo anayoijua njia yake. Miezi inapita, kisha upande wa pili unaleta pingamizi la awali: mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi hii. Kama ni wewe, usibishane kwa ukaidi. Hoja ya mamlaka huibuliwa hatua yoyote, hata kwenye rufaa, na ushindi ulioupata hapo unaweza kufutwa wote.

Kwanza jiulize unadai nini hasa. Ukisema haki iliyo kati ya ibara ya 12 na 29 za Katiba ya Tanzania imevunjwa, ibara ya 30(3) inakupeleka Mahakama Kuu. Ukitaka fidia kutoka Serikalini, nako ni Mahakama Kuu, ila utangulize notisi ya siku 90 na umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukimsahau, shauri linaharibika. Umefukuzwa kazi? Hiyo ni ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kwa maoni yangu wengi wanaotaja Katiba wanataka fidia tu, na Mahakama Kuu hukataa ombi la kikatiba kama sheria nyingine inakupa nafuu ya kutosha.

Kisha toka huko ulikoingia, na hapa usiwe na haraka ya kukimbia na makaratasi. Hakimu anaweza kukurudishia hati ya madai chini ya Amri ya VII, kanuni ya 10, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Hakikisha imeandikwa nyuma tarehe uliyoiwasilisha, tarehe ya kurudishwa na sababu. Ukiamua kuondoa shauri mwenyewe, omba ruhusa ya kulifungua upya, na sababu itajwe wazi kwamba ni mamlaka. "Naondoa kesi" tupu itakuponza.

Itakuponza kwa sababu ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi. Madai mengi ya madhara, kwa mfano, yana miaka 3. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kinaruhusu kutoa siku ulizopoteza katika mahakama isiyo na mamlaka, mradi ulikuwa na nia njema na bidii. Bidii inaonyeshwa kwa karatasi: chukua nakala ya uamuzi, mwenendo wa shauri na stakabadhi za malipo. Kukaa nyumbani miezi mitatu baada ya uamuzi si bidii.

Sasa fungua upya. Wengi Kigoma bado wanadhani lazima wapande treni hadi Tabora. Mahakama Kuu ipo Kigoma mjini. Kwa ombi la kikatiba, andika jina na anwani yako na ya mjibu maombi (unayemlalamikia), matukio na tarehe zake, ibara zilizovunjwa, na nafuu unayotaka. Ambatisha kiapo cha maandishi kinachoonyesha wewe mwenyewe umeathirika. Marekebisho ya 2020 yaliweka hilo kuwa sharti, pamoja na lile la kumaliza kwanza njia nyingine za kisheria. Huna uwezo wa wakili? Waulize wasaidizi wa kisheria wa wilayani kwako kabla ya kulipa ada.

Jaji mmoja atalipima kwanza kama si la kipuuzi. Likipita, huketi majaji watatu.