Kuoga kwa ndoo moja, na kibuyu chirizi mlangoni

Kwetu Mbagala, Dar es Salaam, maji tunanunua kwa dumu, kwa hiyo ubahili wangu ulianzia mfukoni kabla ya kufika kwenye mazingira. Ndoo ya lita 10 na kata vinanitosha: jimwagie kata mbili, weka kata chini, jipake sabuni, sugua, ndipo ujisuuze. Simama ndani ya beseni. Maji hayo yanamwagwa chooni.

Dodoki nimelipanda mwenyewe uani. Liache likauke hukohuko juu mpaka ukilitikisa usikie mbegu, limenye, likung'ute, likate vipande. Lianike kila ukimaliza kuoga, maana likibaki na unyevu linavunda. Likichakaa, shimo la mbolea linalisubiri, tofauti na yale ya nailoni.

Kunawa mikono ndiko sibani. Kutengeneza kibuyu chirizi, chukua dumu la lita 5, litoboe kwa msumari wa moto upande wa mbele, vidole vinne chini ya mdomo. Pitisha fito kwenye mpini, uiegemeze juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ncha ya pili kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, linainama na maji yanachirizika kidogo kidogo. Sugua mikono sekunde 20 bila kushika kitu. Sabuni itoboe uifunge kamba (wajukuu walinipotezea tatu).

Chini yake panda mgomba. Mchicha usiupande hapo, maana maji machafu ya kunawia yatagusa majani yanayoliwa.