Anzeni na majina
Wadogo zangu mnaosoma fasihi, mkishika riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert msikimbilie dhamira kwanza, chukueni penseli muandike pembeni majina ya wahusika na maana zake maana kazi kubwa iko humo. Anayeshtaki anaitwa Majivuno, anayeshtakiwa ni Karama, na kosa lake eti kutaka kufundisha watu uanasheria! Hayo ndo majazi, jina linakuonyesha mtu ni nani na jamii inamtendea vipi. Halafu nchi yenyewe ya Kusadikika iko angani, ila kitabu kimetoka 1951 Mwingereza bado anatawala Tanganyika, sasa ukiisoma ile kesi jiulize kwa nini Shaaban aiweke nchi hiyo mbali hivyo na ardhi ya kwao.