Namna ya Kulinda Tumaini Sikukuu Zinapokuta Nchi Ikiwa na Msukosuko

Sikukuu haziulizi hali ya nchi kabla ya kufika. Huja katika mwaka ambao uchaguzi umeacha majeraha, katika mwaka ambao vijana wamekamatwa, katika mwaka ambao sheria zimebadilishwa usiku na wananchi wakaamka wakijihisi wageni kwao, na humkuta mwenye nyumba akitakiwa kupokea wageni kwa uchangamfu ilhali moyoni ana mzigo asioweza kuutaja mbele ya watoto. Wapo hata wanaoona aibu kufurahi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, nami ni mmoja wao. Haukusudii kukuambia usahau siasa kwa siku chache, kwa sababu anayeijali nchi yake hawezi kuivua kama vazi. Unakusudia kukuonyesha jinsi ya kuzitumia siku hizo ili uone mbali zaidi ya pale macho yako yalipogandia.

Usilipangie tumaini tarehe

Kosa ninaloliona likijirudia kila mwisho wa mwaka ni watu kulifunga tumaini lao kwenye kalenda. Tunaambiana kwamba mwaka huu ukiisha tu mambo yatatengemaa, kwamba kesi itaamuliwa kabla ya sikukuu, kwamba mwaka ujao utakuja na viongozi wenye busara. Maneno hayo hutoka katika upendo, lakini yana hatari ambayo watu waliopitia mateso makubwa kuliko yetu wameieleza waziwazi.

Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Vienna aliyenusurika katika kambi za mateso za Wanazi, alisimulia kwamba katika juma lililo kati ya Krismasi ya mwaka 1944 na Mwaka Mpya wa 1945 vifo viliongezeka kambini kupita ilivyowahi kuonekana hapo kabla. Daktari mkuu wa kambi hakuiona sababu katika ukali wa kazi, wala upungufu wa chakula, wala maradhi mapya. Aliiona katika ukweli kwamba wafungwa wengi walikuwa wamejiaminisha kuwa Krismasi ingewakuta nyumbani, na ilipowakuta wangali kambini, nguvu ya kuishi iliwatoka. Ukombozi ulifika miezi michache tu baadaye. James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani aliyetunguliwa Vietnam mwaka 1965 na kushikiliwa kwa zaidi ya miaka saba, alieleza jambo linalofanana sana na hilo: waliovunjika ni wale waliokuwa wakisema watatoka ifikapo Krismasi, kisha Pasaka, kisha Krismasi nyingine. Yeye mwenyewe hakuacha kuamini kwamba mwisho ungefika, ila alikataa kuutajia siku, na wakati huohuo alikataa kujidanganya kuhusu ubaya wa hali aliyokuwa nayo.

Wengi wetu hatumo katika mateso ya kiwango hicho, na ni vyema tukiri hivyo kwa unyenyekevu. Hata hivyo, moyo hufanya kazi kwa namna ileile. Kwa hiyo, kabla wageni hawajafika, keti peke yako na karatasi, uandike mambo unayoyatumainia kuhusu nchi yako, moja baada ya jingine. Kila palipo na tarehe, ifute, na mahali pake uandike kazi ambayo mtu fulani anaweza kuifanya katika kipindi cha kungoja. Sentensi isemayo kwamba ndugu yetu ataachiliwa kabla ya mwaka kwisha igeuke kuwa ndugu yetu ataachiliwa, na hadi siku hiyo tutamtembelea kila siku ya ruhusa, tutamlipia mwanawe ada, na hatutaacha kumwandikia. Utaona kwamba sentensi ya pili haiwezi kuvunjwa na kalenda.

Katika upande wa pili wa karatasi, tenganisha mambo matatu ambayo hofu huyachanganya: yaliyokwisha kutokea, yanayohofiwa kwamba yatatokea, na yanayosemwa tu bila anayejua yalikoanzia. Fungu la tatu huwa refu kuliko tulivyodhani, na mara nyingi ndilo linalotunyima usingizi.

Zipangie habari saa zake

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa kila mtu anajua tatizo lilipo. Chagua nyakati mbili za kufuatilia habari, asubuhi baada ya kuamka vizuri na jioni kabla ya chakula, na nje ya hapo zima arifa, nyamazisha makundi ya mazungumzo, na uiache simu mahali ambapo lazima uinuke ili kuifikia. Usilale nayo kitandani. Iwapo mnaishi mahali penye ghasia au amri ya kutotoka nje, ambako kukosa habari kunaweza kuhatarisha maisha, basi mteueni mtu mmoja mzima mwenye utulivu afuatilie kwa niaba ya wote na kuwajulisha yanayohitaji hatua, huku mkipokezana siku hadi siku, kwa maana hakuna haki kumwachia mtu mmoja mzigo huo sikukuu nzima.

Badilisha kipimo cha muda

Taarifa za habari hupima dunia kwa saa. Sikukuu huipima kwa miaka, kwa sababu hurudi, na kila irudipo hutukumbusha nani alikuwapo mara ya mwisho na nani hayupo tena. Wazee nao huipima kwa maisha mazima. Ni nadra katika mwaka vipimo hivyo kukutana chini ya paa moja, na kwa maoni yangu hii ndiyo zawadi kubwa ambayo siku hizi zinampa mtu aliyekata tamaa ya siasa, iwapo atajua kuuliza.

Usimuulize mzee swali pana kama vile zamani mambo yalikuwaje, kwa sababu utapata jibu pana ambalo halitakusaidia. Muulize ni mwaka gani alidhani nchi haitainuka tena. Muulize siku iliyofuata aliamka akafanya nini, nani alikuja nyumbani, watoto waliambiwa nini. Kisha muulize ni kipi walichokiogopa ambacho hakikutokea kamwe, na ni kipi ambacho hakuna aliyekiogopa nacho ndicho kilichokuja. Nilipomuuliza shangazi yangu maswali hayo nilitarajia maneno makubwa kuhusu ujasiri. Alinieleza jinsi majirani watatu, ambao hawakuwa wakisalimiana kabla ya hapo, walivyokubaliana kupokezana kukesha ili familia nyingine zilale. Maelezo hayo madogo yalinituliza kuliko uchambuzi wowote niliousoma mwaka ule, kwa kuwa yalinionyesha kwamba watu huvuka nyakati mbaya kwa mipango ya kawaida kabisa.

Zipo tahadhari mbili. Mtu aliyeumizwa ana haki ya kunyamaza, na akisita usimshinikize, hata kama hadithi yake ingekufaa. Nanyi wazee, msiyatumie mliyoyaona kuwafunga vijana midomo. Maneno kwamba sisi tuliona mabaya zaidi humwacha kijana peke yake na hofu yake, ilhali kumsimulia mlivyovuka humpa njia ya kupita.

Pamoja na kumbukumbu za nyumbani, yapo mambo ya ulimwengu mzima yanayofaa kukumbukwa pale mtu anaposema kwamba kila kitu kinaharibika. Mwaka 1990 watoto zaidi ya milioni 12 duniani walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 5, na kati ya miaka hiyo miwili palikuwa na vita, mapinduzi na serikali mbovu zisizohesabika. Ndui ilitokomezwa wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti walipokuwa wakitishiana kwa silaha za nyuklia, nchi hizo mbili zikichangia juhudi zilezile za chanjo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Habari hizi hazipunguzi uzito wa dhuluma inayotendeka leo. Zinatukumbusha kwamba kazi njema huendelea kimyakimya wakati kelele za wakubwa zimeziba masikio, na kwamba wauguzi, walimu na makarani waaminifu hawakungoja siasa itulie ndipo waanze.

Mnapoketi pamoja na msioafikiana

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Undugu wenu utaishi muda mrefu kuliko serikali yoyote mnayogombania, na anayelijua hilo huingia kwenye mazungumzo akiwa mpole zaidi. Mwenye nyumba na aseme mapema, kwa sauti ya kukaribisha, kwamba siasa itazungumzwa baada ya chakula kwa wanaotaka, na kwamba asiyetaka ana ruhusa ya kubaki na watoto. Mazungumzo yakianza, acha kumuuliza mwenzako kwa nini anaunga mkono upande ule. Muulize anahofia nini wakishindwa. Swali la kwanza humfanya ajitetee, la pili humfanya afikiri, na mara nyingi utakuta hofu yake na yako zinafanana zaidi kuliko mlivyodhani.

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1914, askari wa Uingereza na wa Ujerumani katika sehemu kadhaa za mstari wa mbele walitoka kwenye mahandaki, wakasalimiana, wakabadilishana vitu vidogo na kuwazika wenzao waliouawa, ambao miili yao ilikuwa imelala katikati ya pande mbili. Vita havikuisha; viliendelea hadi Novemba 1918. Nalitaja jambo hili pamoja na mwisho wake kwa makusudi, kwa sababu mlo mmoja wa amani hautawabadilisha ndugu zako, na ukiutarajia ufanye hivyo utaondoka na uchungu. Unachoweza kukipata ni kuuona tena uso wa mtu ambaye kwa miezi mingi umekuwa ukimsoma kwenye simu tu.

Upole una mpaka. Anayewaita watu wa kabila au dini fulani wadudu, au anayeshangilia vifo, aambiwe mara moja, kwa utulivu na mbele ya watoto, kwamba maneno hayo hayasemwi katika nyumba hii. Watoto watakumbuka mlivyonyamaza, na watakumbuka pia mlivyosema.

Lipe tumaini kazi

Mwaka 1992, akina mama wazee wa wafungwa wa kisiasa nchini Kenya walikwenda kukaa katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, wakafunga kula na kudai wana wao waachiliwe. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Polisi waliwashambulia na kuwatawanya, nao wakahamia katika kanisa kuu lililo jirani na kuendelea kudai haki hiyo kwa miezi mingi. Hadi mwaka 1993 wengi wa wafungwa hao walikuwa wameachiliwa. Sidhani kama akina mama wale walianza wakiwa na uhakika wa kushinda. Walikuwa na jambo moja la kudai, mahali pa kukaa, na wenzao wa kukaa nao.

Hayo matatu yanatosha kwa yeyote kuanzia. Watafiti wa siasa Erica Chenoweth na Maria Stephan walipochunguza harakati 323 za kati ya mwaka 1900 na 2006, waliona kwamba zilizoepuka matumizi ya nguvu zilifanikiwa mara nyingi takriban maradufu ya zile za silaha, na sababu kubwa waliyoitaja ni kwamba watu wengi zaidi, wa kila umri na hali, waliweza kushiriki. Kwa hiyo, kabla siku za mapumziko hazijakwisha, chagua jambo moja tu. Linaweza kuwa kumtembelea mjane wa aliyeuawa katika maandamano, kuhudhuria kikao cha baraza la eneo lako ambacho huwa hakina watu, kujiandikisha kuwa mwangalizi wa uchaguzi, au kuwafundisha vijana watano namna ya kuutambua uvumi. Mtafute mwenzako wa kufanya naye, na mkubaliane juu ya siku ya kwanza ya kukutana. Tarehe hii haifungi tumaini kama zile ulizozifuta, kwa maana kuitimiza kumo mikononi mwenu.

Iwapo baada ya juhudi hizi huzuni inakukaa kila siku kwa majuma mawili au zaidi, usingizi umekukimbia, vitu ulivyovipenda havikuvutii tena, au unawaza kwamba ingekuwa heri usiwepo, hilo limevuka mpaka wa siasa na linahitaji daktari au mshauri wa afya ya akili. Usingoje sikukuu zipite, na ukiwa na mawazo hayo ya mwisho usikae peke yako hata kwa usiku mmoja.

Siku ya mwisho kabla wageni hawajatawanyika, chukueni karatasi, kila mmoja aandike mstari mmoja kuhusu anachokihofia zaidi kwa nchi katika mwaka unaokuja na mstari mwingine kuhusu atakachokifanya. Watoto wasioweza kuandika na wachore. Karatasi zote zitiwe katika bahasha moja, iandikwe mwaka juu yake, ifungwe, na akabidhiwe mmoja wenu aliye mwangalifu aitunze hadi mtakapokutana tena, ili aifungue na kusoma kila mstari kwa sauti.