Kupanga njia za maombi: mfano wa daftari la samaki

Mwongozo huu unafuata programu ndogo niliyoiandika kwa Express (mfumo wa JavaScript wa kutengeneza programu za wavuti) ili wachuuzi wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, waweke kumbukumbu za mbuta, ngege na omena wanaonunua alfajiri. Kivinjari kinapotuma ombi, seva hutazama mbinu ya ombi, kama vile GET au POST, pamoja na anwani iliyoombwa, kisha hulikabidhi kwa sehemu inayohusika. Kila jozi ya mbinu na anwani iliyopewa sehemu yake ndiyo ninayoiita njia.

Hatua ya 1. Orodhesha njia zote kwenye karatasi kabla ya kuandika msimbo. Anwani itaje kitu, na mbinu itaje tendo: GET /mizigo huonyesha orodha, POST /mizigo huongeza mzigo, na DELETE /mizigo/12 hufuta. Usiweke kamwe kazi ya kufuta kwenye GET, kwa sababu roboti za kutafuta hufuata kila kiungo cha GET zinachokiona, nazo hazijui kuuliza kwanza.

Hatua ya 2. Tanguliza njia mahususi, kisha zile za jumla. Hapa ndipo nilipojikwaa. Niliandika /mizigo/:id (ambapo :id hupokea neno lolote linalowekwa hapo, kama vile 12) juu ya /mizigo/mpya, na mama mmoja alipobonyeza "Mzigo mpya" akajibiwa kwamba mzigo huo haupo. Programu ilikuwa imelichukua neno "mpya" kuwa nambari ya mzigo, ikaenda kulitafuta katika hifadhidata. Express hupitia njia kwa mpangilio ulivyoziandika, na ile ya kwanza inayolingana ikishajibu, zilizo chini yake hazifikiwi. Django, mfumo mwingine wa aina hii, nayo hufanya hivyo, ilhali Flask, mfumo wa tatu, huzipanga yenyewe kwa umahususi wake, na ndiyo maana aliyezoea Flask hushangaa sana akihamia kwingine.

Kubadilisha mpangilio kulitosha, lakini niliongeza kinga ya pili, yaani kuhakikisha kwamba :id ni tarakimu tupu kabla ya kugusa hifadhidata. Katika Express 4 sharti hilo lingeweza kuandikwa ndani ya njia yenyewe. Toleo la 5 haliruhusu tena, kwa hiyo ni afadhali ukaguzi ufanyike ndani ya sehemu inayoshughulikia ombi.

Hatua ya 3. Njia zikizidi kumi hivi, zigawe katika faili: mizigo peke yake, wanunuzi peke yao.

Hatua ya 4. Weka jibu la 404, yaani "haipatikani", mwisho kabisa, kwani likitangulia litameza kila ombi. Iwapo anwani ipo ila mbinu hairuhusiwi, jibu sahihi ni 405, yaani "mbinu hairuhusiwi", pamoja na kichwa cha Allow (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) kinachotaja mbinu zinazokubalika. Express hairudishi 405 yenyewe. Ni lazima uiandike.

Hatua ya 5. Baada ya POST kufaulu, usirudishe ukurasa papo hapo, bali mwelekeze mtumiaji kwa 303, msimbo wa jibu unaokiambia kivinjari kifungue anwani nyingine, hadi kwenye anwani ya mzigo mpya, ambayo kivinjari kitaifungua kwa GET. Taja 303 waziwazi, maana res.redirect, amri ya Express ya kuelekeza, isipoambiwa hutuma 302, msimbo mwingine wa uelekezaji. Mtandao unaposuasua ufuoni, mchuuzi hupakia ukurasa upya mara mbili tatu, na bila uelekezaji huo kivinjari kinaweza kuituma fomu ileile tena, gorogoro 10 za omena zikawa 20 kwenye daftari.