Kondomu haikai kwenye pochi

Mdogo wangu, kama una kondomu uliyoibana kwenye pochi tangu Idi, itoe uitupe. Joto la mwili na kukaliwa kila siku huchosha mpira, nayo hupasuka saa ile unapoihitaji. Iweke mahali pakavu pasipo jua. Kabla ya kuitumia soma tarehe ya mwisho, kisha bonyeza pakiti: ukisikia kamto ka hewa ndani, haijatoboka. Fungua kwa vidole, si kwa meno.

Kosa ninalolisikia sana ni kupaka mafuta ya nazi au Vaseline ili iteleze. Mafuta hudhoofisha mpira ndani ya dakika chache tu! Tumia kilainishi cha maji, kinauzwa duka la dawa.

Na hili linaniuma: wengi husubiri usaha au maumivu ndipo waende kituo cha afya kupima magonjwa ya zinaa. Magonjwa hayo, kama kisonono na klamidia, huweza kukaa kimya kwa miezi, hasa kwa wasichana, huku yakiharibu mirija ya uzazi. Pimeni wote wawili. Ukitibiwa peke yako, mwenzio atakurudishia ugonjwa uleule. Mkishatibiwa wote, subirini siku 7 baada ya dozi ya mara moja, au mpaka dozi ya siku nyingi iishe.

Kondomu ikipasuka, usijifungie chumbani na hofu. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulize dawa ya PEP ya kuzuia VVU: huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28.